Hatua ya "Ona" inageuka kikao cha malalamiko. VIWAWA wenye vijana wa zamu mnaendeshaje?

katibu_wa_kigango

Tumsifu Yesu Kristo, wakuu.

Naomba msaada kwa walezi na viongozi wa VIWAWA (Vijana Wakatoliki Wafanyakazi) humu, hata wa madhehebu mengine wenye vikundi vya vijana walioshaingia kazini. Tuko Dar. Daftari lina majina 23, wanaofika ni kati ya 9 na 14: walinzi, wasusi, bodaboda, wahudumu wa supamaketi, watu wa kiwandani wanaozunguka zamu tatu, na fundi friji mmoja. Tunakutana Jumapili baada ya misa ya pili na tunafuata hatua tatu za Ona, Amua, Tenda: kuangalia tukio la maisha yetu, kulipima, kisha kulifanyia jambo.

Shida ni kwamba Ona inameza kikao kizima. Kila mtu anamsema bosi wake, muda unaisha, Amua inapewa dakika tano huku watu wanachungulia simu kujua kikosi cha leo, na Tenda inakuwa "tuombeane". Halafu wa zamu hawajawahi kupatikana wote siku moja. Na mada ikiwa starehe, yaani mpira, mikeka ya kubeti, kutoka Ijumaa usiku, kikao kinageuka mahubiri na wenye la kusema wananyamaza.

Nahitaji namna ya kuendesha, kwa hatua na dakika. Maneno ya kutia moyo tunayo ya kutosha.

mlezi_kanda

Milele amina, katibu.

Kinachowakwamisha ni kuchanganya tukio na hukumu. "Bosi ananyonya" ni hukumu, imetolewa kabla kesi haijasikilizwa. Ona inataka tukio moja lenye siku, saa, mahali na idadi: "Jumanne zamu iliisha saa 2 usiku. Upekuzi wa getini ukachukua dakika 40. Foleni ilikuwa na watu kama 60." Maneno hayo yanahesabika na mtu mwingine anaweza kuyauliza. Malalamiko hayaulizwi, yanaungwa mkono tu, ndiyo maana hayana mwisho.

Tumieni kadi. Karatasi ya A4 ikatwe mara nne, kila mmoja robo moja, aandikie nyumbani katikati ya wiki. Upande mmoja tukio la kazini, upande wa pili tukio la muda wake mwenyewe. Sentensi tatu, basi. Jina la kampuni na la bosi lisiandikwe, maana kadi ikipigwa picha ikaingia kwenye magrupu, kesho asubuhi mtu anaitwa ofisini. Zote zinaingia kapuni, mwezeshaji anazisoma. Hapo msusi wa miaka 19 anakuwa na sauti sawa na mlinzi wa miaka 30 mwenye mdomo. Asiyeleta kadi anasikiliza. Inaonekana kali, lakini kikao cha pili wote wanakuja nazo.

Dakika 75: sala na Injili 5, marejesho ya Tenda iliyopita 10, Ona 20, Amua 25, Tenda 15. Kadi kumi kwa dakika moja moja zinakuachia dakika kumi za kuchagua tukio moja kwa kunyoosha mikono na kuliuliza: linatokea mara ngapi, linamgusa nani mwingine, kwa nini liko hivyo. Mkizidi 12 gawanyeni duara mbili, vinginevyo kusoma kutakula kila kitu. Zile dakika za marejesho msizifute hata mkichelewa kuanza. Tenda hufa kwa sababu hakuna anayeiuliza tena.

Makosa ya wawezeshaji ni mawili makubwa. La kwanza ni kuchagua tukio zito kuliko yote, mfano mtu kafukuzwa, wakati kikundi hakina cha kulifanya. Chukueni linalowagusa wengi na lenye mlango wa kuingilia. La pili ni mwezeshaji kujibu. Kazi yake ni kuuliza, akishajibu mara mbili tu kila mtu anamwangalia yeye.

Msidhani kuhesabu dakika na shilingi ni kupunguza utakatifu wa jambo. Joseph Cardijn, padre wa Ubelgiji aliyeanzisha vuguvugu la vijana wafanyakazi Wakristo mwaka 1925, alijenga mbinu yote juu ya mambo madogo ya aina hii. Yohane XXIII akazitaja hatua hizo tatu waziwazi katika waraka Mater et Magistra wa 1961.

saa45

Naongezea kwenye Amua, maana vikundi vingi vinafungua Biblia peke yake. Fungueni na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Bila hiyo mtu anatoka kikaoni amejaa hasira takatifu na hajui anadai nini.

Ya kushika kichwani: saa za kawaida ni 45 kwa wiki, 9 kwa siku, siku 6. Saa za ziada ni kwa makubaliano, hazizidi 50 ndani ya wiki nne, na zinalipwa mara moja na nusu. Kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa. Ukifanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo, una mapumziko ya dakika 60. Kati ya siku na siku ni saa 12 za kupumzika, na kila wiki saa 24 mfululizo. Ukifanyishwa kazi ndani ya hizo 24, kila saa inalipwa mara mbili, na sikukuu vilevile.

Sasa hesabu yenyewe, maana hapa ndipo watu wanakosea. Mshahara wa msingi sh 300,000 usigawanye kwa siku 30. Gawanya kwa 4.333, kisha kwa 45. Unapata kama sh 1,539 kwa saa. Saa ya ziada ni sh 2,308, saa ya siku ya mapumziko sh 3,077. Nyongeza ya usiku ni sh 77 tu kwa saa, yaani sh 692 kwa usiku wa saa 9. Haifiki nauli ya daladala ya kwenda na kurudi, lakini ni yake.

Mlinzi wa saa 12 kwa siku 6 anafikisha saa 72. Toa saa moja ya chakula kila siku, zinabaki 66. Ziada ni saa 21 kwa wiki, 84 kwa wiki nne, wakati kikomo ni 50. Na kama haruhusiwi kuondoka getini wakati anakula, ile saa moja nayo ni kazi na inalipwa. Upo utaratibu wa wiki iliyobanwa, wa hadi saa 12 kwa siku bila malipo ya ziada, lakini unahitaji makubaliano ya maandishi, siku zisizidi 5 na saa zibaki 45. Mwajiri akiwaambia "sisi tuko kwenye mfumo wa kumi na mbili", ombeni kuona hiyo karatasi.

Tahadhari mbili. Mwenye chini ya miezi 6 kazini hana ulinzi wa kuachishwa isivyo halali, kwa hiyo msimtume yeye akaongee na meneja kwa niaba ya wenzake. Na mlango wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi una muda wake: siku 30 kwa suala la kuachishwa kazi, 60 kwa madai mengine. Kikundi kinachokutana mara moja kwa mwezi kinaweza kuumaliza muda huo kwa kutafakari tu.

Bodaboda wa hesabu, wanaompelekea mwenye pikipiki kiasi fulani kila siku, hawaingii vizuri humo. Wao waleteeni mkataba wao na mwenye pikipiki na muusome pamoja: chombo kikiharibika, hesabu ya siku hiyo nani anaibeba?

mlezi_kanda

Saa45 umenikumbusha: Marko 6:31. Wengi wanaishia kwenye "mkapumzike kidogo". Endelea kusoma, sababu imetajwa palepale: watu walikuwa wengi, wakija na kwenda, hata nafasi ya kula hawakuipata. Ni saa ya chakula iliyokosekana. Ukiiweka karibu na kadi ya mhudumu wa supamaketi anayekula chapati nyuma ya kaunta, huhitaji kuhubiri.

Mathayo 20 nayo inafaa kwa vibarua. Wale wa "saa kumi na moja" ni saa kumi na moja yetu kabisa, jioni, hakuna cha kubadilisha kwenye saa ya ukutani. Uliza kikundi: waliokaa kijiweni mpaka saa hiyo walikuwa wanapumzika? Kisha Kumbukumbu la Torati 24:14-15 kwa mshahara unaochelewa. Andiko moja kwa kikao linatosha.

kengele_ya_pili

Kuhusu zamu. Tuseme asubuhi ni saa 12 hadi saa 8 mchana, mchana ni saa 8 hadi saa 4 usiku, usiku ni saa 4 hadi saa 12 asubuhi. Hakuna saa moja inayowapata wote, acheni kuitafuta. Wekeni vikao viwili vya mada moja. Jumamosi saa 10 jioni mnapata wa asubuhi waliotoka na wa usiku walioamka. Jumapili baada ya misa mnapata wa mchana na wengine wote. Kapu la kadi linahama kutoka kikao cha kwanza kwenda cha pili, na katibu anasoma kilichoamuliwa. Mwenzenu anayezunguka zamu atajikuta kila wiki ana kiti chake mahali fulani.

Kosa ninaloliona sana: kijana anatoka zamu ya usiku saa 12 asubuhi, anaunga misa, anaunga kikao, anaunga mechi ya saa 10. Kama aliamka Jumamosi saa 8 mchana, hapo amekesha saa 26. Kwenye kikao anasinzia na watu wanamwona mvivu wa mambo ya Mungu, uwanjani anavunjika. Wa zamu ya usiku aende misa ya Jumamosi jioni. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1248, inaikubali misa ya jioni ya siku iliyotangulia kama misa ya Dominika. Muulizeni paroko kama parokia inayo, maana si zote zina misa hiyo. Na anayeshikwa na zamu kweli, muuguzi kwa mfano, asibebeshwe dhambi juu ya uchovu: Katekisimu namba 2185 inatambua huduma muhimu za jamii kama sababu halali ya kutopumzika Dominika.

beki_tatu

Mimi nijibu la starehe, hasa mikeka. Mkianza na "kubeti ni dhambi" mmeshafunga mlango. Anzeni na kalamu.

Mkeka wa timu kumi, kila moja odi 1.50 (yaani dau linazidishwa mara 1.50 timu ikishinda), unalipa mara 57.67. Kwa sh 1,000 ni kama sh 57,700, na hapo ndipo macho yanapong'aa. Chukulia kila timu ina nafasi ya kushinda asilimia 60, ambayo si haba. Zote kumi kwa pamoja ni 0.6 ikizidishwa yenyewe mara kumi: 0.006. Mkeka mmoja kati ya 165. Kwa mikeka mingi, kila sh 1,000 inarudi kama sh 349. Ukiweka timu moja tu, sh 1,000 inarudi kwa wastani sh 900. Maana yake kadiri unavyorefusha mkeka ndivyo unavyoizidishia kampuni sehemu yake, ingawa kijiweni wanaamini kinyume. Ile "imechanika kwa timu moja" inayoumiza sana hutokea mara nyingi zaidi kuliko mkeka mzima kushinda, haikuwa karibu kushinda. Fanyeni hesabu hii ubaoni, mwache kila mtu aweke odi za mkeka wake wa wiki iliyopita. Kikao hakitakuwa kimya.

Kisha wape karatasi ya siku 7, masaa ya muda wao: usingizi, safari, simu, mpira, jumuiya, kulala mchana. Kwa wengi mwizi mkubwa wa starehe ni safari, saa mbili hadi tatu kwa siku barabarani. Hilo hakuna padre anayelihubiri.

Mkitaka Tenda ya starehe, fanyeni bonanza. Timu 6 za watu 7, makundi mawili ya timu tatu: mechi 6, nusu fainali 2, fainali 1. Mechi ya dakika 12 mara mbili, mapumziko 3, kubadilishana 5, ni dakika 32. Mara tisa ni saa 4 na dakika 48 kwa uwanja mmoja. Mkianza saa 2 kamili asubuhi mnamaliza karibu saa 7, kwa hiyo msiweke baada ya misa ya pili mkadhani giza litawasubiri. Maji lita 2 kwa mchezaji: watu 42 ni lita 84, chukueni madumu matano ya lita 20. Wekeni rede na netiboli kwenye ratiba yenyewe, kwa saa zake. Zikiitwa "za kujaza muda" wasichana hawaji mara ya pili. Refa atoke parokia nyingine. Zawadi msitoe pesa taslimu, ugomvi wa bonanza nyingi huanzia hapo. Mbuzi ni bora, analiwa na waliofungwa pia.

katibu_wa_kigango

Asanteni sana, kadi naanza nazo Jumapili hii. Swali moja: tukichagua mfano ule upekuzi wa dakika 40, Tenda yake inaandikwaje isirudi kuwa "tuombeane"?

mlezi_kanda

Safu tatu: nani, nini, lini. "Wawili wa kiwandani wataandika saa ya kutoka mashine na saa ya kuvuka geti, siku 6, hadi Jumamosi. Fundi friji ataulizia kazini kwake upekuzi unafanywaje. Katibu ataleta nakala ya sheria." Kila jina jambo moja, siku zisizidi 14. Kumwona meneja msiweke kikao cha kwanza, bado hamna takwimu. Na atakayeandika saa atumie daftari, asitoe simu getini, maana ndipo upekuzi wenyewe ulipo.

saa45

Na aandike tarehe kila ukurasa, kwa kalamu ya wino.