Naombeni ushauri: Dhirendranath Datta nimuelezee vipi kwa wanafunzi?

Habari zenu wadau. Tarehe 21 Februari, siku ya lugha mama, nimepewa dakika chache niongee na wanafunzi wa sekondari na nimemchagua huyu mzee, wakili wa Comilla, Bengali ya Mashariki (wakati huo sehemu ya Pakistani, leo ni Bangladesh). Februari 1948 alisimama bungeni Karachi akaomba Kibengali nacho kitumike pamoja na Kiingereza na Kiurdu, akasema kati ya watu milioni 69 wa Pakistani milioni 44 wanaongea Kibengali, halafu akatoa mfano wa mkulima maskini ana mtoto chuo Dhaka, anaenda posta kumtumia hela anakuta fomu ya Kiurdu, atajazaje? Waziri Mkuu Liaquat Ali Khan akampinga, hoja ikatupwa. 1952 wanafunzi wakapigwa risasi Dhaka kwa madai hayohayo, na Machi 1971 jeshi la Pakistani likamchukua mzee nyumbani kwake na mwanawe, wakauawa.

Sasa walimu na wazazi mliomo humu, kwa watoto wa kidato cha pili nianze na ile fomu ya posta au bunge? Na mauaji niyaseme wazi? Mi naona kuyaficha ni kumkosea mzee, ila sitaki niwatishe. Msaada tafadhali.