Rwanda bila kupanda mlima: tuko sita kutoka Kigoma, tuanzie wapi?

Mwalimu wa Gungu

Habari za jioni ndugu zangu. Naishi Gungu, Kigoma Mjini, nafundisha sekondari. Tuko wanawake sita wa kikoba kimoja, tumeweka akiba miaka miwili kwa ajili ya safari ya pamoja, na tumekubaliana tuende Rwanda. Mmoja wetu ni mama yangu mzazi, ana miaka 68 na goti linamsumbua.

Kila ninayemuuliza ananitajia gorila. Kibali cha kuwaona kwa mgeni wa kimataifa ni dola 1,500, halafu unapanda mlima kwenye matope. Sisi sokwe tunao Gombe, boti tu. Tunachokitafuta ni watu: wanakula nini, wanasukaje vikapu, wafalme wao walikaaje, wanaimba nini. Mama ni Muha wa Buhigwe. Kinyarwanda akikisikia redioni anaelewa karibu chote, na ndiye aliyechagua nchi.

Wakala mmoja ametutumia ratiba ya siku tatu yenye vituo tisa. Je, inafaa? Tulifikiri twende Aprili, shule zikifungwa. Na lingine linanisumbua zaidi: kwenye makumbusho ya mauaji ya kimbari, nimpeleke mama au nimwache?

Muha wa Heru

Mwidiwe Mwalimu, na mama mpe shikamoo yangu.

Hiyo ratiba irudishe kwa aliyeiandika. Mwaka juzi tulitoka Kasulu watu saba, na wakala wetu alitupangia hivi kwa siku moja: asubuhi Gisozi, mchana Nyanza, alasiri Huye, usiku ngoma za Intore. Gisozi ndiyo makumbusho ya mauaji ya kimbari pale Kigali, wamezikwa watu zaidi ya 250,000. Shangazi yangu alitoka mle ndani hana sauti. Nyanza hakushuka kwenye gari. Usiku tukakalishwa viti vya mbele, vijana wakaingia na zile nywele za nyasi kichwani, wanaruka, wanatucheka kwa furaha, na sisi saba tumeganda. Hakuna aliyepiga makofi. Wale vijana walijituma kweli, hawakujua tulikotoka asubuhi. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Mwaka jana nikarudi na watu watano, shangazi akiwemo. Siku sita, sehemu nne. Nakueleza Nyanza kwa kirefu kwa sababu ndiyo iliyonifanya nijibu swali lako.

Nyanza iko kusini, kama kilomita 90 kutoka Kigali. Pale Rukari wamejenga upya nyumba ya mfalme ya zamani, ya nyasi, duara kubwa, na nyuma yake vibanda viwili: kimoja cha pombe, kimoja cha maziwa. Cha maziwa alikitunza msichana asiyeolewa. Kijana anayetembeza wageni alitupokea kwa Kiingereza, akamalizia na "mwiriwe". Shangazi akainama, akapiga makofi kama tunavyosalimia kwetu, akajibu "mwidiwe". Kijana akakiacha Kiingereza palepale. Kuanzia hapo alisema Kinyarwanda polepole, shangazi akamjibu kwa Kiha, na sisi vijana tukawa tunawafuata nyuma kama watoto. Shangazi akamwambia kwamba Heru kwetu Mwami, yaani mfalme, aliwahi kuwa mwanamke, Theresa Ntare. Kijana alisimama kabisa, akataka aelezwe. Tulipangiwa saa moja pale, tukakaa tatu.

Ni hapo nilipojifunza kwamba Wabelgiji walimwondoa Mwami Musinga wa Rwanda mwaka 1931 wakamtawaza mwanawe Rudahigwa, na kwamba Musinga alifia uhamishoni Moba mwaka 1944. Moba, Mwalimu! Ng'ambo ya ziwa letu hilihili, upande wa Kongo. Watu wa Moba nimewaona bandarini Kigoma tangu utoto na sikujua kuna mfalme aliyekufa kwao.

Nyuma ya nyumba wanafugwa Inyambo, ng'ombe wenye pembe ndefu kupita mkono wa mtu, wamevishwa shanga kwenye paji la uso. Mchungaji huwaimbia, na ng'ombe hutulia kweli, anasogea. Siku ya kwanza tulisikiliza tukaondoka. Kwa kuwa tulilala Nyanza, asubuhi shangazi akataka turudi. Akamuuliza mchungaji yule ng'ombe anaitwa nani. Alipoambiwa jina, akanyamaza kidogo, kisha akaanza kutaja majina ya ng'ombe wa baba yake wa Heru Juu. Tisa. Wote waliuzwa kabla sijazaliwa, na nyumbani hakuwahi kuyataja hata siku moja. Niliyarekodi kwenye simu. Kama tungekuwa na vituo tisa, majina yale yangebaki kifuani mwake.

Kwa hiyo ushauri wangu: laleni Nyanza usiku mbili, na mama awe mbele. Mwambie mtembezaji mapema kwamba kuna mzee anayejua Kiha, aongee lugha yake. Ninyi mlio sita mnaweza kusimama mkamsikiliza mtu mmoja. Basi zima la watu haliwezi. Kutoka hapo Huye si mbali. Makumbusho ya Huye yalifunguliwa 1989, kuna vikapu, ngoma, mikuki, vifaa vya kufugia nyuki, na kuna mengi ambayo mama atasema "hiki tunacho". Nusu siku inatosha.

Siku ya kwanza, mkitoka mpakani Rusumo, msipite Nyakarambi bila kushuka. Ndiko kwenye ushirika wa kina mama wanaotengeneza imigongo, picha za samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu. Jina ni migongo ileile ya kwetu, kwa jinsi samadi inavyoinuliwa kuwa matuta juu ya ubao. Ikikauka inasuguliwa, inapakwa nyeusi, nyeupe na nyekundu ya udongo. Waombeni muweke mikono. Walituacha tujaribu, na tuta langu lilipinda, mama mmoja akanishika kidole akalinyoosha.

Aprili hapana. Kuanzia tarehe 7 nchi nzima iko kwenye maombolezo ya mauaji ya kimbari ya 1994, muziki na sherehe hakuna kwa wiki ile, na si wakati wa mgeni kutafuta ngoma. Nendeni Juni, mvua zimekwisha.

Gisozi mpeni siku yake, na baada ya hapo msipange kitu kingine zaidi ya chakula na kulala. Kuhusu mama, muulize mwenyewe. Shangazi mara ya pili hakuingia, alikaa bustanini. Aliniambia mwaka ule wa 1994 alikuwa akiuza ndizi Benaco, Ngara, alipowaona watu wakimiminika kutoka Rusumo, na yale aliyoyaona yanamtosha.

Dereva wa Nyakanazi

Mwalimu, habari ya njia. Kasulu, Kibondo, Kakonko mpaka Nyakanazi, halafu Lusahunga hadi Rusumo. Hicho kipande cha mwisho malori ni mengi, msikipite usiku. Laleni Nyakanazi au Ngara. Mama wa goti akae kiti cha mbele na mshuke kila baada ya saa mbili anyooshe mguu.

Rusumo ofisi za nchi mbili ziko pamoja, mnamaliza mara moja. Pasi mkononi, na kadi ya homa ya manjano msiiache. Mkivuka daraja la Kagera magari yanakwenda kulia, kwa hiyo wafundisheni wenzenu kutazama kushoto kwanza kabla ya kuvuka barabara. Saa mrudishe moja nyuma. Mifuko ya plastiki wameipiga marufuku tangu 2008, na mizigo hufunguliwa kweli. Dagaa zenu wekeni kwenye ndoo yenye mfuniko. Na Jumamosi ya mwisho wa mwezi asubuhi ni umuganda, kazi za pamoja, barabara zinakuwa tupu hadi karibu saa tano. Msipange safari asubuhi hiyo.

Kijana wa Ujiji

Shikamoo wakubwa. Kaka wa Heru kasema vizuri ila Kigali ameifanya ya makaburi tu, na hapo sikubaliani naye. Nendeni Nyamirambo, na hasa Biryogo. Ni mtaa wa Waislamu, uliokaliwa na Waswahili tangu enzi za Wabelgiji, watu waliokuja na misafara na askari wa Kijerumani. Mimi ni mtoto wa Ujiji, nilikaa kibarazani Biryogo nikinywa chai ya tangawizi na chapati, mzee mmoja akaniuliza ukoo wetu kwa Kiswahili kama cha bibi yangu, chenye maneno ambayo hata sisi vijana wa Ujiji tumeyaacha. Kiswahili ni lugha rasmi Rwanda tangu 2017, lakini pale hakikusubiri sheria. Wale kati yenu wasiojua Kiha nao wapate mahali pao pa kuongea.

Na kuna vilabu vya maziwa mjini, maziwa fresh na ya mgando, ikivuguto, glasi kubwa. Mzee akikaa pale saa nzima hakuna anayemfukuza.

Muha wa Heru

Kijana yuko sahihi, Biryogo niliiruka. Mwalimu, iweke.

Mwalimu wa Gungu

Nimewasomea mama majibu yote. Pale kwenye majina ya ng'ombe ameniambia nirudie. Kisha akasema babu yangu alikuwa na ng'ombe mmoja tu, na jina lake analikumbuka, ila hatanitajia mpaka tufike Nyanza. Basi nimeandika ratiba upya: Juni, siku saba. Siku mbili za njia, Nyakarambi, Nyanza usiku mbili, Huye, Biryogo, na Gisozi kwa watakaotaka. Wenzangu wawili walilalamika kwamba jioni ya ngoma haimo, nimewaambia Intore tutawaomba siku ya Nyanza, tukiwa na moyo wa kuwapigia makofi.

Swali langu la mwisho: zawadi. Mtu anayetupokea tumpelekee nini? Sitaki kwenda mikono mitupu kwa watu ambao tutakaa nao saa tatu.

Muha wa Heru

Dagaa wa Kigoma, Mwalimu. Wao wanaita indagara, na mtu wa Nyanza akisikia wametoka ziwani kwenyewe anafurahi. Sisi tulibeba kilo tano, tulipeana kidogo kidogo kwa mchungaji, mtembezaji, na mama wa Nyakarambi aliyeninyooshea tuta. Yule mchungaji alisema "yampaye inka", yaani amenipa ng'ombe. Ndivyo wanavyoshukuru wakiguswa.

Waulize kabla ya kupiga picha, hata ng'ombe, maana ana mwenyewe. Mama mchukulie sweta na kitenge cha pili. Nyanza ni mlimani, jioni kuna baridi ambayo ninyi watu wa ziwani hamuijui, na mchungaji huwaimbia ng'ombe vizuri zaidi jua likishaanguka.