Tupeane uzoefu: kulipia bima ya afya kwa mshahara mdogo, au kutegemea hospitali ya kodi zetu

Mshona Nguo: Wadau, habari za jioni. Leo pale dirisha la malipo la hospitali nimemkuta mama anahesabu sarafu alizofunga kwenye pembe ya khanga, mtoto mgongoni kifua kinakoroma. Nimejiona mwenyewe miaka minne iliyopita. Kila mwezi napiga hesabu ileile: nipeleke mchango wa bima, au hela iende kwenye pango nami nitegemee hospitali ya umma? Mliopitia huku au kule, leteni uzoefu.

Mama Pacha: Mimi nalipa, nafumba macho nalipa. Pacha wangu walizaliwa kabla ya wakati wakakaa wiki tano kwenye mashine ya joto. Bila kadi sijui leo ningekuwa nasimulia nini.

Kibarua: Wewe una mwajiri anakukata juu kwa juu. Sisi vibarua tunapeleka wenyewe, na kiwango ni kilekile anacholipa mwenye maduka matatu.

Mama Pacha: Nafua nguo za watu, ndugu yangu. Usinipangie maisha.

Kibarua: Niwie radhi dada. Ila kiwango kimoja kwa wote kinamuumiza wa chini, hilo silirudishi.

Mlinzi wa Usiku: Uzi huu umenirudisha kwenye usiku nisiopenda kuukumbuka. Nalinda geti. Nilikuwa na kadi miaka mitatu, sijaruka mwezi. Kisha mwezi mmoja mwenye nyumba akaja kugonga mara tatu, nikasema wa bima nitaufidia mbele. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane.

Uchungu ulimshika saa nane usiku, na damu. Tumefika, binti wa mapokezi kaingiza namba ya kadi, mashine ikawaka nyekundu. Akaingiza tena polepole, ananisomea tarakimu moja moja nami naitikia. Nyekundu. Akasema kwa sauti ya chini, "Kaka, kadi haijalipiwa." Nyuma yangu mke wangu kaegemea ukuta, damu imefika kwenye kandambili. Nikavua saa nikaiweka mezani, nikaweka simu, nikaweka funguo za pikipiki. Hakuna aliyevigusa. Daktari wa zamu alikuwa anapita, akamwona, akasema apelekwe upasuaji, hesabu zitafuata. Mungu amjalie yule mtu.

Mama na mtoto wakatoka salama. Ndipo hesabu zikafuata kweli. Siku ya nne aliandikiwa ruhusa. Nyumbani alifika siku ya kumi na tano. Siku zote hizo kumi na moja alilala kwenye benchi la korido na mshono wake, kwa sababu kitanda walishampa mwingine, na mlangoni kuna karatasi yenye jina lake asipite. Aliyeishika karatasi ile ni mlinzi, sare kama yangu. Kila nikiingia alikuwa anatazama chini. Niliuza pikipiki, ndugu wakachangishana, tukatoka.

Mshona Nguo: Nimesoma nikasimamisha cherehani. Pole sana kaka.

Dada wa Saluni: Nakazia. Na mimi nimelala kwenye benchi kama hilo.

Nesi Mstaafu: Pole baba. Wengine mnaosoma: mkifika na dharura ombeni kuonana na ofisa ustawi wa jamii usiku uleule, msingoje mpaka siku ya ruhusa. Hospitali nyingi za umma wanaye, na ndiye mwenye nguvu ya kupendekeza msamaha au malipo ya awamu. Watu hawaambiwi.

Mwalimu wa Historia: Hapa ndipo nasema matibabu yalipwe na kodi. Uingereza walifungua huduma yao tarehe 5 Julai 1948, waziri akiwa Aneurin Bevan: unatibiwa kwa kuwa unaumwa, hela ilishakusanywa kabla. Mwaka 1951 serikali yake ilipotaka watu wachangie miwani na meno ya bandia, Bevan aliacha uwaziri. Alijua mlango ukishafunguliwa haufungiki. Mwaka uliofuata wakaanza kutoza na dawa.

Dereva: Mwalimu, viongozi wa Afrika waliahidi pale Abuja mwaka 2001 kwamba asilimia 15 ya bajeti itakwenda kwenye afya. Ni nchi ngapi zimefika? Kodi nakatwa mpaka kwenye sabuni, halafu nikiumwa napewa karatasi nikanunue dawa nje.

Mwalimu wa Historia: Basi tudai dawa. Kukimbilia bima hakujazi kabati la dawa.

Dereva: Dai wewe, mimi mwanangu ana pumu usiku wa leo.

Karani wa Zamani: Nimefanya kazi ya bima miaka sita. Bima ya hiari ina ugonjwa wake: wazima wanajitoa, wanabaki wanaoumwa, mchango unapanda, wazima wengine wanajitoa tena. Ndiyo maana wanaweka muda wa kusubiri kabla kadi haijaanza kukutibia, hivyo msingoje mimba. Ujerumani tangu 1883, enzi za kansela wao Bismarck, walilazimisha wafanyakazi wachangie kulingana na ujira, na mwajiri aweke sehemu yake. Kwa hiyo Kibarua ana haki, tatizo ni kiwango kimoja.

Kibarua: Ahsante. Nilikuwa nimebaki peke yangu.

Fundi Baiskeli: Mimi kibubu tu. Nisipoumwa hela ni yangu.

Nesi Mstaafu: Kibubu kinalipa malaria. Upasuaji mmoja unakimaliza na kitanda chako juu.

Mama Pacha: Mlinzi, hujatuambia. Wanaendeleaje?

Mlinzi wa Usiku: Ana miezi saba, ameanza kukaa. Kadi niliifufua, ila mchango unaisha keshokutwa, na pango nalo ni keshokutwa.

Mama Pacha: Lipa kadi. Mwenye nyumba ataongeleka, ile mashine haiongeleki.

Kibarua: Na akiwafungia mlango na kichanga?

Mama Pacha: Waje kwangu. Chumba ni kimoja lakini pacha wangu wanalala mapema.