Kichwa cha mpira wa mafuta kinavuja, mashine ya 15 ya zamani: nifanyeje?

Mtoto wa Wesha

Asalaam alaykum. Nina mashine ya boti, Yamaha ya nguvu za farasi 15, stroki mbili, kuukuu. Mie ni mtu wa tatu kuimiliki, hata rangi yake ya asili siijui. Twatoka Wesha, Pemba, twavua upande wa kisiwa cha Misali.

Tatizo liko pale kichwa cha mpira wa mafuta kinapochomekwa kwenye mashine. Nikiminya ile pampu ya mkono mpaka iwe ngumu, petroli inatoka tone tone pembeni. Si nyingi. Nilikuwa nafunga kitambaa, maana kwa vitambaa hatujambo.

Jumatatu tukirudi, kusi limeshachafua bahari, mashine ikaanza kupanda na kushuka yenyewe. Polepole inakwenda sawa. Nikikaza mwendo, dakika mbili tu inakoroma, inataka kuzima. Shemeji yangu akakaa tezi, huku nyuma, anaminya pampu njia nzima mpaka diko. Akiminya, mashine inachanganya vizuri, akiacha, inalegea. Mkono ulimvimba na bado ananidai.

Plagi nimebadilisha. Kabureta nimesafisha. Fundi mmoja kaniambia pampu ya mafuta ya kwenye mashine imekufa, ninunue nzima. Kabla sijatoa pesa: hilo tone na huku kulegea vinahusiana? Na kichwa kinatengenezeka? Nilipaka silikoni, siku ya pili ikawa kama uji.

Fundi Mkoani

Waalaykum salaam. Usinunue pampu bado. Shemeji yako kashakupa jibu kwa mkono wake.

Ukiminya mashine imezimwa, mafuta yanasukumwa, ndio maana unaona tone. Mashine ikiwaka mambo yanageuka: pampu yake inavuta. Pale pale palipokuwa panatoa petroli sasa panaingiza hewa, na hewa haidondoki ukaiona. Polepole mashine inakunywa kidogo, inavumilia. Ukikaza, inavuta hewa badala ya mafuta. Akiminya mtu, mpira unajaa tena na hewa inakosa njia.

Stroki mbili ndiyo ya kuogopwa hapa, kwa sababu oili yake imo ndani ya petroli. Dumu la lita 20 unatia oili mililita 400, ile 50 kwa 1, sivyo? Basi petroli ikipungua kwenye silinda na oili imepungua. Mashine inapata moto, pistoni inakwama. Nimefungua mashine ngapi mie, mwenyewe anaapa oili alitia. Na kweli alitia, haikufika.

Sasa kichwa. Kichomoe, petroli iliyobaki ndani ya mpira uimimine kwenye kopo. Mulika tundu kwa tochi, utaona oringi nyeusi, ile pete ya mpira ya kuzuia kuvuja. Ikiwa ya siku nyingi huwa imekakamaa au imekatika. Itoe kwa pini uliyoipinda ncha, usitie kisu. Ukikwaruza kitako chake hata oringi mpya itavuja. Mpya iwe ya mpira unaostahimili petroli, ulizia nitraili. Usikate tyubu ya baiskeli, petroli huivimbisha. Na dukani nenda na kichwa chenyewe, maana oringi ya zamani ishabadilika umbo. Ipake oili kidogo ndipo uitie.

Halafu tazama dume, ile ncha ya upande wa mashine. Chumvi huila ikafanya vishimo. Vikiwa vidogo sugua kwa msasa laini wa maji, kwa kuzungusha, si kwa urefu. Vikiwa vikubwa badilisha dume. Kilimi cha kubania kisilegee, kwani kichwa kikicheza kwa mtikiso oringi haikusaidii kitu.

Mwisho wa mpira ukiwa mgumu, kata upana wa vidole viwili, urudishie kwa klipu isiyoshika kutu. Waya muachie mwenye kuku.

Nahodha Kojani

Yote hayo ya nini? Mie kichwa nilikitupa. Mpira nimeupitisha ndani ya kifuniko, nikauunga moja kwa moja, klipu mbili. Mwaka wa nne huu, tone silijui.

Bi Mwenye Boti

Na jioni, Nahodha, mashine waibeba na tangi lake? Yangu inarudi nyumbani begani kila siku. Nikiilaza diko, asubuhi nitaikuta kwa mwengine. Bila kichwa cha kuchomoa vijana wangu watanigomea.

Mie si fundi, lakini hilo la kitambaa limenitisha. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka ngamani unakaa huko. Vijana wanachemsha chai humo humo botini, mmoja ana sigara. Mwanangu, kitambaa kilicholowa petroli ni utambi huo.

Nahodha Kojani

Hapo Bi umenifunga mdomo. Mie mashine yangu inalala na mimi, boti iko chini ya dirisha.

Fundi Mkoani

Nahodha, kwa kujua hewa inaingia wapi njia yako ni nzuri, kwa siku moja ya majaribio. Kuacha hivyo daima sipendi. Mashine ikishika moto unataka kuchomoa mafuta kwa mkono mmoja.

Mtoto wa Wesha, kama chujio lako ni la kuonekana ndani, mtu ashike usukani nawe utazame. Mapovu yakipita, hewa bado inaingia.

Mtoto wa Wesha

Narudi na habari. Oringi ilikuwa imekatika, nusu imebaki kwenye tundu, nusu siijui ilikokwenda. Dume lina vishimo upande mmoja, nimesugua. Oringi ya kwanza niliyouziwa Chake ilikuwa nene, kichwa kikakataa kuingia. Nikarudi na kichwa mkononi kama ulivyosema, Fundi, tukazijaribu pale pale kauntani mpaka ya tano.

Nimeminya pampu baada ya alasiri, magharibi nimeikuta bado ngumu. Jana tumekwenda Misali na kurudi, mwendo wote. Kwenye chujio kapita povu moja mwanzoni, halafu basi. Dume jipya nitaagiza mwezi ujao, vile vishimo sijaviamini. Kitambaa nimekitupa, Bi, na jiko limehamia omo, mbele kabisa.

Shemeji naye alikaa omo. Kalala njia nzima.