Mjadala: Historia ya hisabati iwe somo la lazima kwa wanaosomea hisabati chuoni?

Mleta mada:
Wakuu, mtu anaweza kumaliza shahada ya hisabati bila kugusa historia yake hata muhula mmoja. Somo hilo likiwepo, mara nyingi ni la hiari, na wengi hulikwepa. Mimi nasema liwe la lazima, tena mwaka wa kwanza.

Chukueni namba changamano, zile zenye kipeuo cha pili cha namba hasi, kama √−1. Wengi tuliambiwa zilibuniwa ili x² + 1 = 0 ipate jibu. Si kweli. Kwa karne nyingi watu walisema mlinganyo wa namna hiyo hauna jibu, yakaisha, hakuna aliyekosa usingizi. Balaa lilianzia kwenye milinganyo ya kipeo cha tatu. Tazama x³ = 15x + 4. Jibu 4 liko wazi, maana 64 ni 60 na 4. Lakini ukitumia kanuni aliyoichapisha Cardano mwaka 1545, inakupitisha kwenye √−121. Jibu halali lipo, njia ya kulifikia haipitiki! Kanuni inataka ujumlishe namba mbili: moja ambayo kipeo chake cha tatu ni 2 + √−121, nyingine ambayo chake ni 2 − √−121. Bombelli, kwenye kitabu chake cha 1572, akapita hivyo hivyo. Kipeo cha tatu cha 2 + √−1 ni 2 + √−121, na cha 2 − √−1 ni 2 − √−121. Sasa jumlisha 2 + √−1 na 2 − √−1: zile √−1 zinafutana, unabaki na 4. Mwanafunzi akiifanya hesabu hii kwa mkono wake, hatauliza tena namba hizi zina kazi gani.

Mchangiaji wa kwanza:
Tamu, mkuu, ila ratiba imejaa. Mtu epsiloni na delta (herufi za kueleza kikomo kwa usahihi) hazijamkaa kichwani, unamletea Galois aliyeuawa kwa bastola akiwa na miaka 20? Ataikumbuka bastola, nadharia ya makundi aliyoiasisi, tawi la aljebra, ataisahau. Mimi nililisoma somo hilo. Mtihani ulikuwa tarehe tupu.

Mchangiaji wa pili:
Naunga mkono hoja, ila isianzie Ugiriki. Na tukiitaja Afrika tusiishie kwenye mfupa wa Ishango, mfupa wa kale wenye alama za kuchongwa, uliochimbuliwa Kongo mwaka 1950 (kila mjadala lazima utajwe!). Alama zipo, lakini maana yake bado inabishaniwa. Mafunjo ya Ahmes wa Misri, yapata mwaka 1550 KK, yana hesabu zenyewe: kupata eneo la duara, chukua 8/9 ya kipenyo, izidishe yenyewe. Hapo pai inatoka karibu 3.16. Yupo pia Muhammad al-Kishnawi wa Katsina, aliyefariki Cairo mwaka 1741. Aliandika namna ya kuunda miraba ya namba ambayo kila mstari na kila safu hutoa jumla ileile. Chuoni nani amewahi kumsikia?

Mleta mada:
Mchangiaji wa kwanza, kwenye mtihani wa tarehe tuko pamoja, huo ni upotevu wa muda. Mimi ningetunga hivi: mwaka 1821 Cauchy alidai kwamba mfululizo wa fomula endelevu (ambazo grafu zake hazikatiki) ukikaribia kikomo, jumla yake nayo ni endelevu. Mwaka 1826 Abel akaleta sin x − ½ sin 2x + ⅓ sin 3x na kuendelea, ambayo jumla yake inaruka pale x inapofika π. Onyesha ni hatua ipi ya Cauchy inayovunjika. Hapo hujibu kwa kukariri. Na anayehangaika na epsiloni na delta ataona zilikuja kuziba pengo gani.

Mchangiaji wa kwanza:
Swali zuri, nalikubali. Lakini hilo ni swali la uchanganuzi, somo la vikomo na mifululizo. Liweke ndani ya uchanganuzi, somo jipya la nini?

Mleta mada:
Kwa sababu mhadhiri wa uchanganuzi akibanwa na muda, cha kwanza kurukwa ni hicho.