Naomba ushauri: nataka picha laini za kifilamu, mbona sura za wateja zinatoka rangi ya majivu?

Fundi_Lenzi (Mbeya):
Wakuu, habari za majukumu. Napiga picha za send-off, ubarikio na harusi hapa mjini. Siku hizi kila bibi harusi mtarajiwa anakuja na simu imejaa picha za Ulaya: mwanga umetandaa, weusi umefifia, rangi za upole, chembechembe kidogo kama filamu ya zamani. "Kaka, nataka hivi, za ndotoni."

Sasa nina wachumba wanataka picha za kabla ya ndoa kwenye chai, upande wa Tukuyu. Kamera ni Canon 700D na lenzi ya 50mm f/1.8. Kuediti natumia Lightroom ya bure kwenye simu, na darktable kwenye laptop iliyochoka. Nilinunua furushi la preseti (mipangilio ya rangi iliyotengenezwa tayari) mtandaoni. Kwenye mifano ya muuzaji zinapendeza sana. Nikiziweka kwenye kazi zangu, dada wa watu anatoka usoni rangi ya majivu, na majani yanakuwa ya kijani ambacho hakipo duniani. Nikipunguza nguvu ya preseti hadi nusu, majivu yanapungua lakini na ulaini unaondoka nao.

Maswali yangu: nianzie wapi? Na vile vichujio vya ukungu vya kufunga mbele ya lenzi vina maana, au yote yanawezekana kwenye kompyuta?

Chuma_Ulete:
Unaenda Tukuyu halafu unauliza kichujio cha ukungu? Amka saa kumi na mbili asubuhi, fungua mlango, huo hapo wa bure.

Kamwene_255 (Iringa):
Kamwene wakuu. Chuma anatania ila kasema kweli, nitamwachia wa Tukuyu alieleze hilo. Mimi nijibu la majivu.

Preseti nyingi za aina hiyo zinafanya mambo matatu kwa mpigo. Zinanyanyua weusi, zinamwaga samawati ya kijani kwenye vivuli, na zinapunguza rangi ya chungwa. Sura ya mzungu kwenye histogramu (ule mchoro wa mgawanyo wa mwanga, giza kushoto, weupe kulia) inakaa kulia, juu kwenye mwanga, kwa hiyo ile samawati inaishia kwenye koti na nywele. Sura ya mtu mweusi inakaa katikati kwenda kushoto. Samawati inamwangukia usoni moja kwa moja. Halafu chungwa ndiyo inayobeba ngozi ya kila binadamu, mweupe kwa mweusi, na ukishaipunguza hakuna kilichobaki ila kijivu. Ndiyo maana kupunguza preseti hadi nusu hakukusaidii: umepata nusu ya ugonjwa na nusu ya dawa.

Weka preseti pembeni ufanye kwa mkono. Kwenye mstari wa toni, nyanyua ncha ya chini kabisa, kutoka 0 hadi 15 hivi kati ya 255. Kisha weka nukta nyingine kwenye robo ya kwanza uurudishe mstari mahali pake. Hapo unafifisha weusi wa suti na miti bila kugusa shavu la mtu. Vivuli vipe joto, kahawia kidogo. Chungwa usiipunguze hata kidogo. Ukitaka kuigusa, ipandishe mwangaza kidogo. Klariti (kitufe cha kuongeza au kupunguza ukali wa picha) ikiwa hasi watu wanaipenda kwa ajili ya ulaini, lakini usoni usivuke −10. Ngozi nyeusi uhai wake uko kwenye ule mng'ao wa paji la uso na mashavu. Ukiufuta, mtu anabaki bapa hata umpe rangi gani. Kwa mandhari nenda hata −25, na maski za darktable ni za bure, chora sura uiache nje.

Nyongeza kidogo: jambo hili ni la zamani kuliko preseti. Kodak walikuwa wanapelekea maabara kadi ya kupimia rangi yenye picha ya mwanamke mzungu, mafundi wakaiita kadi ya Shirley. Mashine ikitoa ngozi yake vizuri, basi rangi zimekaa sawa. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja kuenea miaka ya 1990. Kwa hiyo ukiiga filamu ya zamani kwa uaminifu wote, ujue unaiga kitu kilichopimwa kwa ngozi nyingine.

Fundi_Lenzi:
Mkuu hii ya sura kukaa kushoto kwenye histogramu sijawahi kuisikia kwa mtu yeyote. Asante sana. Naijaribu usiku huu kwenye picha za send-off ya mwezi uliopita.

Dada_wa_Tukuyu:
Karibu nyumbani kaka. Haya, la ukungu.

Kwanza ruhusa. Mashamba makubwa ya chai yana wenyewe na walinzi, usiingie na gauni refu ukidhani ni bustani ya mji. Mashamba ya wakulima wadogo ni rahisi zaidi, unaongea na mwenye shamba mnaelewana.

Pili, saa. Ukungu mzuri ni ule unaoanza kupasuka, jua linapenya kwa nyuma. Kwa uzoefu wangu ni kati ya saa moja na saa mbili na nusu asubuhi, lakini mlima una akili zake, unaweza kufunga mpaka mchana. Waweke wachumba jua likiwa mgongoni mwao, wewe fungua lenzi f/2 au f/2.2. Mwanga unaopita kwenye ukungu unazunguka mabega na nywele wenyewe. Hiyo kazi preseti haiiwezi, kwa sababu ukungu unafifisha vya mbali kuliko vya karibu, na programu inafifisha vyote sawa.

Tatu, kamera inadanganywa na ukungu. Inaona weupe mwingi, inadhani mwanga umezidi, inatia giza. Unapata picha ya kijivu iliyochoka. Pandisha eksipozha (kiasi cha mwanga kamera inachopokea), +2/3 hadi +1.

Kuhusu kijani, chai ni rangi ngumu kweli. Majani machanga yana njano nyingi ndani yake, ukiongeza saturesheni (ukolevu wa rangi) hata kidogo yanapiga kelele. Sogeza kijani upande wa njano kidogo, saturesheni −20 au −30, mwangaza wake uupandishe. Wengine wanapenda kijani cha baridi kama cha Fujifilm Pro 400H, ile filamu ya watu wa harusi iliyositishwa mwaka 2021. Mimi kwa ngozi zetu naona kijani cha joto kinakaa vizuri zaidi. Na waambie wasivae kijani. Krimu, udongo, kutu, hata zambarau iliyopauka.

Mwisho, ukitoka kwenye baridi usiingize kamera kwenye gari lenye hita ukaifungua hapohapo. Iache kwenye begi ipate joto polepole, la sivyo lenzi inajaa umande.

Kamwene_255:
Dada, hapo kwenye +1 nakupinga. Digitali ikichoma weupe haurudi. Bibi harusi akiwa na shela jeupe, +1 inakula nyuzi zote. Mimi napunguza −2/3, nanyanyua vivuli baadaye.

Dada_wa_Tukuyu:
Ukinyanyua vivuli vya sensa ya 700D utakutana na takataka za rangi, na zinakaa palepale kwenye ngozi uliyosema iko kushoto. Jijibu mwenyewe.

Mlima_Loleza:
Nyote mko sawa, mnazungumzia picha mbili tofauti. Kwenye ukungu mzito hakuna kitu cheupe kupindukia, hata shela liko kijivu, +1 haichomi kitu. Jua likishapenya, shela linawaka na +1 inaua. Piga RAW (faili ghafi la kamera), washa ile alama ya kupepesa kwenye sehemu zilizoungua, pandisha mwanga mpaka shela lianze kupepesa, kisha rudi nyuma kidogo. Usiweke namba moja kwa asubuhi nzima.

Fundi, usisahau pia: filamu ya negativu ilikuwa inavumilia sana mwanga uliozidi. Watu wa Portra 400, filamu ya Kodak, wanaipima kama ISO 200 makusudi, yaani wanaipa mwanga mara mbili, wanapata zile rangi za maziwa. Sensa yako haina uvumilivu huo. Rangi za maziwa utazitengeneza kwenye kompyuta.

Mzee_Chumba_cha_Giza:
Vijana, nimewasoma. Nilifanya kazi studio enzi za negativu, kabla hizi simu hazijatumaliza.

Ulaini mliokuwa mnauona kwenye picha za zamani ulikuwa unapatikana kwa soksi nyembamba ya kike, nyeusi, imenyooshwa mbele ya lenzi. Wengine walipaka vaselini pembeni mwa kichujio cha UV, katikati wanaacha safi. Kwenye kichujio, nasisitiza, lenzi yenyewe usiipake kitu.

Lakini kuna jambo naona hamlisemi. Soksi ikiwa kwenye kamera, mwanga ndio unaovuja kuingia gizani. Taa inavuja, shela linavuja, ukingo wa nywele unavuja. Soksi hiyohiyo ukiiweka chini ya lenzi ya mashine ya kukuzia picha chumbani, mambo yanageuka, kwa sababu pale unafanya kazi na negativu: giza ndilo linalovuja kuingia kwenye mwanga. Picha inakuwa nzito, ya huzuni. Mteja wa harusi alikuwa anairudisha. Sasa nawaona vijana wanachukua picha nzima wanaitia ukungu kwenye kompyuta, halafu wanaichanganya na ile kali kwa njia ya kawaida. Pale mnavujisha vyote viwili, giza na mwanga, na matokeo yake yanaonekana kama kioo kichafu. Mnatakiwa kuvujisha mwanga peke yake.

Fundi_Lenzi:
Shikamoo mzee. Kwenye kompyuta naivujishaje mwanga peke yake?

Mzee_Chumba_cha_Giza:
Marahaba. Hilo waulize wenye kompyuta.

Mlima_Loleza:
Shikamoo mzee, umenifungua macho. Fundi, ichukulie hivi kwenye GIMP, ni ya bure na laptop yako itaibeba. Nakili leya. Ile ya juu itie ukungu wa Gaussian, kwa picha ya pikseli 5184 ya kamera yako jaribu 35 hadi 50. Badilisha namna ya kuchanganya iwe "screen". Hiyo haiwezi kutia giza popote, inaongeza mwanga tu, ndiyo soksi ya mzee ya kwenye kamera. Shusha nguvu ya leya hadi 20 kwa mia au chini ya hapo. Kwa kuwa picha yote itapanda mwanga, anza na picha iliyo na giza kidogo.

Ujanja huu una ndugu yake wa zamani. Mkanada Michael Orton miaka ya 1980 alikuwa anabandika slaidi mbili pamoja, moja kali na moja isiyo na fokasi, zote zimezidishwa mwanga. darktable wana moduli ya "soften" inayofuata wazo hilohilo, lakini kwa sura za watu mimi naona GIMP inakupa udhibiti zaidi.

Ukitaka ule wekundu unaozunguka taa kwenye picha za usiku, huo una asili yake. Kwenye filamu mwanga mkali unapenya tabaka zote, unagonga mgongo wa filamu unarudi, na tabaka la chini kabisa ndilo linalopokea nyekundu. Filamu ya CineStill 800T imetokana na filamu ya sinema iliyotolewa ile rangi nyeusi ya mgongoni inayozuia jambo hilo, ndiyo maana taa zake zinawaka mduara mwekundu. Kwenye chai asubuhi huna taa. Achana nao.

Fundi_Lenzi:
Wakuu nimerudi. Nimejaribu kwenye zile za send-off. Sura imekaa, mama yake bibi harusi nimemtumia moja kasema "hapa ndiyo mwanangu". Ule mstari wa toni wenye nukta mbili ni dawa. Shida iliyobaki: greini, zile chembechembe za filamu. Kwenye laptop inapendeza, nikimtumia mteja inakuwa matope.

Dada_wa_Tukuyu:
WhatsApp hiyo. Inabana picha, na greini ndiyo kitu cha kwanza kusagwa. Tuma kama dokumenti, au punguza picha mwenyewe kwanza kisha tia greini mwishoni kabisa, ndogo, 15 hadi 20. Ukiitia kwenye picha kubwa halafu ukaipunguza, inapotea.

Kamwene_255:
Na kama wanataka albamu, toa kopi moja ndogo ya majaribio kwanza. Weusi uliofifishwa unapendeza kwenye kioo cha simu kwa sababu kioo kinatoa mwanga wake. Karatasi haina mwanga, utadhani wino uliisha. Kwa ajili ya kuchapa, mimi narudisha ile ncha ya chini kutoka 15 hadi 5 au 6.

Fundi_Lenzi:
Ndaga fijo wote. Swali la kichujio halijajibiwa lakini. Kuna jamaa ananiazima Black Pro-Mist, vichujio vya ukungu, anavyo viwili, nguvu ya 1/8 na ya 1/4.

Mlima_Loleza:
1/8, na iwe ya mchana jua likishatoka. Ndani ya ukungu usifunge chochote. Robo kwenye ukungu wa Tukuyu, bwana harusi atapotea.

Chuma_Ulete:
Akipotea si ndiyo za ndotoni zenyewe.

Dada_wa_Tukuyu:
Kabla hujaazima angalia kipenyo. 50mm f/1.8 STM inachukua milimita 49, ile ya zamani ya II inachukua 52. Wewe una ipi?

Fundi_Lenzi:
Imeandikwa II. Za jamaa zote ni 49.

Mzee_Chumba_cha_Giza:
Soksi haina kipenyo.