"Mama, Mwanza kuna mawe, hukujua?" Fundi wa bomba la majitaka amenidhalilisha mbele ya wakwe

Mama wa Isamilo

Wakuu, ninaandika uzi huu mikono yangu ikiwa bado inanuka dawa ya choo, na ninaomba mnivumilie kwa sababu sijapoa na sidhani kama nitapoa kabla ya Krismasi. Jina la fundi huyo sitalitaja, wala hakuna haja, kwa kuwa kila mwenye nyumba kuanzia Igogo hadi Nyakato anamfahamu. Ni yule anayetembea na pimamaji mfukoni ambayo hajawahi kuiweka juu ya bomba lolote, anayekagua kazi akiwa amesimama getini, na anayetaja bei kabla hujamaliza kueleza shida yako.

Leo saa sita mchana, wageni waliovuka kwa kivuko cha Kamanga kuleta barua ya posa ya binti yangu wakiwa wamekaa sebuleni, bomba jipya lililofukiwa siku 11 zilizopita lilirudisha majitaka ndani ya bafu. Yalipita kwenye korido, yakavuka kizingiti, yakamfikia shangazi wa kijana miguuni kabla soda hazijafunguliwa. Nilimpigia simu fundi, akaja, akafunua mfuniko wa chemba, lile shimo la kukagulia bomba, akainama akatazama chini muda mrefu kama mtu anayesoma hati ya mashtaka, kisha akageuka na kuniambia, kwa sauti ambayo nina hakika ilifika hadi kwenye jiwe la Bismarck kule ziwani: "Mama, Mwanza kuna mawe, hukujua?"

Aniambie mimi, niliyezaliwa Isamilo, niliyejifunza kutembea juu ya mawe, niliyeanika dagaa juu ya mawe, na ambaye nyumba aliyoniachia marehemu baba imeegemea jiwe kubwa kuliko basi la Musoma! Shangazi wa watu ameinua gauni kwa mikono miwili, maji ya chooni yanapita kati ya viatu vyetu, na mtu niliyemlipa fedha zangu za kiinua mgongo ananifundisha kwamba Mwanza kuna mawe.

Makubaliano yetu yalikuwa shilingi 1,150,000 kwa mita 26 kutoka chooni hadi chemba ya mtandao wa jiji, pamoja na mabomba ya inchi 4, chemba 2 na kufukia. Siku ya tatu vibarua wakagonga jiwe, akaniomba 1,200,000 za kulivunja, nikatoa. Wiki iliyofuata akasema jiwe lina tumbo na mtaro lazima ushuke zaidi, akaomba 480,000, nikatoa. Kurudishia zege la uani kumenigharimu 400,000 ambazo hakuwahi kuzitaja, na wakati wote huo nimeita gari la majitaka mara 3 kwa shilingi 90,000 kila safari, kwa sababu familia haiwezi kuacha kwenda chooni eti kwa kuwa fundi anasubiri mtaimbo mpya. Jumla ni shilingi 3,500,000, na pamoja na fedha zote hizo nimepewa somo la jiografia mbele ya wakwe.

Bwana Nyamagana

Pole sana, Mama, lakini kwa kweli alichosema fundi si uongo. Jiji letu linaitwa Jiji la Miamba, hata mgeni anayeshuka stendi ya Nyegezi huyaona mawe kabla hajaiona hoteli. Wewe mwenyeji ulikubalije bei ya kuchimba mita 26 bila kuuliza itakuwaje mtaimbo ukigonga jiwe? Fedha hizo umezitoa mara tatu kwa mkono wako, na hakuna mahali ulipoandika kwamba uliwahi kumwambia hapana.

Mama wa Isamilo

Ndugu yangu, sikatai kwamba Mwanza kuna mawe. Ninachokataa ni kuambiwa hivyo na mtu niliyemlipa kuyavunja, nikiwa nimeshika ndoo na deki, na mshenga akiwa amepanda juu ya kochi. Laiti ungeiona sura yake alipokuwa akilitamka neno "hukujua".

Dada Mabatini

Mimi huyo namfahamu kwa kofia yake tu. Kwetu alisema bomba zima limeoza na lazima lifukuliwe lote, mume wangu akakubali, na walipofukua wakakuta kipande kimoja tu kilichopasuliwa na mizizi ya mwembe, vingine vyote vikiwa vizima kabisa. Vipande hivyo vizima nimevipanga ukutani nimeoteshea maua, na kila nikiyamwagilia ninaihesabu fedha yangu.

Fundi Mstaafu

Nimefanya kazi ya majitaka miaka mingi kabla ya kustaafu, na ninasema kwa uchungu kwamba hasara ya Mama na ya Dada Mabatini ilianza kabla sururu haijagusa ardhi. Bomba halihukumiwi kuwa limekufa kwa sababu choo kimerudisha. Kwanza huzibuliwa kwa fimbo au kwa maji ya shinikizo, kwa kuwa mara nyingi tatizo ni mafuta ya kukaangia sangara yaliyoganda, au nepi, au matambara, na likikataa ndipo hutafutwa ni mita ipi iliyovunjika, kwa kamera kama ipo na kwa kupima urefu wa fimbo pale inapogota kama haipo. Mita 3 zikibadilishwa, mwenye nyumba halipii 26.

Kuhusu bei, mabomba yenyewe ni sehemu ndogo. Fedha huliwa na urefu wa mtaro, kina chake, mwamba, na kile kinachovunjwa juu yake kama zege au lami, ambacho lazima kirudishwe. Ndiyo maana fundi mwaminifu wa Mwanza huchimba kwanza mashimo 3 au 4 ya majaribio kwenye mstari wa bomba, au hupigilia nondo ardhini kila baada ya hatua chache, kisha huandika bei mbili, ya mita moja ya udongo na ya mita moja ya mwamba, na mwisho wa kazi mnapima pamoja kwa futi kamba. Asiyefanya hivyo amekisia, na makisio yake hayapaswi kumwangukia mwenye nyumba peke yake.

Mama, nina swali moja. Jiwe hilo ulilolilipia 1,200,000 uliliona limevunjwa kwa macho yako?

Mama wa Isamilo

Niliona moshi, mzee wangu. Walichoma matairi juu ya jiwe siku mbili, wakalimwagia maji, likalia kama risasi, na nguo zote kwenye kamba zikawa nyeusi. Siku ya tatu nilikwenda Bugando kliniki, niliporudi jioni mtaro ulikuwa umeshafukiwa.

Fundi Mstaafu

Basi fanya hivi kabla giza halijaingia. Mpe mtu tochi amulike ndani ya bomba kutoka chemba ya chini, nawe uweke kioo kwenye chemba ya juu ukitazame. Bomba lililonyooka huonyesha mwanga wa duara kamili. Ukiona kipande kama mwezi mwandamo, bomba limepinda au limejikunja mgongo, na usipoona mwanga wowote wakati bomba halijaziba, limepanda mahali fulani na kushuka tena. Bomba la inchi 4 linahitaji kushuka takriban mita 1 kwa kila mita 40, kwa hiyo mita zako 26 zinapaswa kushuka sentimita 65 mfululizo bila kupanda hata kidogo. Mlima kuwa mkali hakusaidii chochote kama katikati kuna nundu, kwa sababu kinyesi hutua nyuma ya nundu hiyo hadi bomba lijae.

Bwana Nyamagana

Mzee, unampa mama wa watu kazi ya kuinamia chemba siku ya posa ya binti yake. Angemwita fundi mwingine akamlipa, mambo yakaisha.

Mama wa Kirumba

Ninyi wa mlimani mnalilia mawe, sisi wa karibu na ziwa tunalilia maji. Mwaka 2020 ziwa lilipopanda, mtaro wa kwangu ulikuwa ukijaa maji kabla ya kufika kina cha kiuno, kuta zinabomoka, kibarua anatolewa kwa kamba, na pampu ya kukodi inakunywa petroli mchana kutwa. Fundi alinitoza fedha za kuchimba mtaro mmoja mara nne kwa sababu ulibomoka mara nne, na hakununua hata ubao mmoja wa kukinga kuta. Afadhali jiwe, Mama, kwa maana jiwe hukaa pale ulipoliacha.

Mama wa Isamilo

Wakuu, nimerudi kutoka uani. Mjukuu amemulika tochi, nimetazama kioo mpaka shingo imekakamaa, hakuna mwanga. Tumechukua jembe tukachimba bustanini mahali lilipokuwa jiwe, na bomba tumelikuta kwa kina cha kiganja kimoja, limelazwa juu ya mgongo wa lile lile jiwe kama kenge anayeota jua! Jiwe halikuvunjwa. Limebanduka ganda la juu tu lililopasuliwa na moto. Nimelipa 1,200,000 ili livunjwe, na 480,000 ili mtaro upite chini zaidi, kisha akalipandia juu, akafukia, na leo akasimama mbele ya wakwe akaniuliza kama sikujua kwamba Mwanza kuna mawe. Yeye ndiye aliyejua! Alijua lilipo, kwa kuwa alililaza bomba juu yake kwa mikono yake mwenyewe!

Dada Mabatini

Jamani! Piga picha sasa hivi kabla hujafukia, na uweke kipimo kando ya bomba kina kionekane. Nenda nazo kwa mwenyekiti wa mtaa pamoja na ujumbe wa simu wa kila fedha uliyotuma.

Fundi Mstaafu

Fanya alivyosema Dada. Na somo hili lishikwe na wote wanaosoma: mtaro wa bomba haufukiwi kabla mwenye nyumba hajashuhudia maji. Unaziba upande wa chini, unajaza maji hadi chemba ya juu, mnasubiri, na kiwango kikishuka kuna kiungo kinachovuja. Kisha unazibua, mnatazama maji yanavyotoka. Asilimia fulani ya malipo, mliyokubaliana kwa maandishi, inabaki mkononi mwako hadi siku hiyo. Ukimaliza kulipa kabla ya kufukia, huna tena kamba ya kumvutia fundi.

Mpangaji wa Pasiansi

Mnazungumza kana kwamba wenye nyumba ndio pekee wanaoumia. Mwenye nyumba wetu alibadilisha bomba mwezi wa pili, na mwezi wa tatu kodi ikapanda kwa kila chumba, wakati bomba lilikuwa bovu kabla hatujahamia. Bomba la ndani ya kiwanja ni mali yake, atabaki nalo sisi tukishaondoka. Kwa nini mpangaji alipie ukarabati wa nyumba ambayo hatairithi?

Bwana Nyamagana

Kwa sababu ni wapangaji mnaotupa nepi chooni.

Mpangaji wa Pasiansi

Sina mtoto, Bwana Nyamagana. Nepi hizo zinatoka kwa mke wa mwenye nyumba.

Mwalimu wa Mkolani

Mimi fundi wangu alikata barabara ya mtaa usiku bila kibali chochote, akaniambia kwamba watu wa barabara hawapiti huko. Walipita asubuhi ile ile. Kibali huombwa na kulipiwa kabla, pamoja na gharama ya kurudishia barabara, na fundi alikuwa amenitoza fedha hizo kwenye hesabu yake kwa jina la "mengineyo". Nililipa mara ya pili. Ninawasihi, mkiona neno "mengineyo" kwenye karatasi ya fundi, msiweke sahihi hadi alifafanue mstari kwa mstari.

Jirani Mwema wa Igogo

Hayo yote ni madogo. Mimi jirani yangu wa juu ameelekeza mabomba ya mvua ya bati lake lote kwenye chemba tunayochangia. Bomba la majitaka halikutengenezwa kupokea mvua, kwa hiyo kila masika mfuniko wangu unarushwa juu na uchafu wa nyumba zote unashukia kwangu kwa kuwa mimi ndiye wa chini. Sasa amepata ujasiri wa kuniambia tuchangie nusu kwa nusu kuweka bomba la inchi 6. Bomba halihitaji kupanuliwa, anachotakiwa ni kuondoa mvua yake.

Mama wa Isamilo

Kuna anayejua fundi mwingine wa kulivunja jiwe hili kesho asubuhi? Wakwe wamekubali kulala, na vyoo vyote viwili nimevifunga.

Mkazi wa Igogo Juu

Jirani Mwema, ninaufahamu mtaa huo na nimeisoma habari yako yote. Mabomba ya mvua ya nyumba ya juu yanaishia kwenye mtaro wa mawe uliochimbwa kando ya ngazi, na si kwenye chemba. Uchafu unaofurika kwako unatokana na jiko la mama lishe uliyempangisha, anayemwaga mafuta ya samaki kila jioni.

Jirani Mwema wa Igogo

Mama lishe huyo ana ndoo ya mafuta na huyauza kwa watengeneza sabuni. Njoo siku ya mvua uje na mwavuli wako, tufunue mfuniko pamoja, uone maji yanatokea upande gani.

Mkazi wa Igogo Juu

Nitakuja, na nitakuja na kioo na tochi.